Ekzosi ya Kwendea Posa

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Nimeamua. Pikipiki yangu lazima ipige kelele.

Padre aliyeniachia alikuwa mtu wa sala. Alipofungasha kurudi kwao Uholanzi alinikabidhi mimi, Ignas, karani wa bohari hapa Morogoro, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiifuta vumbi. Pikipiki kubwa ya safari! Silinda mbili zimetokeza ubavuni, masanduku mawili ya chuma, kioo cha upepo mbele. Lakini sauti yake ni aibu. Inanong'ona. Padre alitaka ifike misheni bila kuwaamsha wagonjwa.

Juzi Jumamosi nilipanda nayo Matombo kwa Mwalimu Scholastika. Nikasimama mlangoni pake. Kuku hakugeuka. Mbuzi hakugeuka. Scholastika alitoka na ungo, akashtuka kunikuta, akacheka, akasema pikipiki yangu inakuja kama mgeni mwenye adabu. Adabu! Anselmi, bwana afya, ana baiskeli tu, na kengele yake inasikika kuliko injini yangu.

Na huyo Anselmi naye anaposa hapo hapo. Kwetu Waluguru baba anasalimiwa, lakini binti anaombwa kwa mjomba. Mjomba wa Scholastika ni Mzee Stefano, mtu mgumu. Ametoa sharti. Barua ya posa ataipokea mkononi kwa mshenga, yeye ameketi, chini ya paa lake mwenyewe. Ya kwanza kumfikia hivyo ndiyo atakayoifungua. Mwisho ni Jumapili tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni.

Mshenga wa Anselmi yuko kwao Kilosa anauguza goti. Mshenga wangu, Mzee Dominiko, katekista mstaafu, ameshauri tuondoke kesho alfajiri, tumkabidhi mzee barua yake, tumalize. Nimekataa. Posa haiendwi kwa kunong'ona.

Jumatano, 4 Agosti

Kwa fundi Kondo, Mwembesongo. Anasema mji mzima hauna ekzosi ya pikipiki, hata ya dawa. Lakini nyuma ya karakana yake lipo bomba la Landrova ya serikali, ile iliyopinduka Mikese mwaka juzi. Kuku anataga ndani. Kondo alimtoa kuku, akaligonga bomba kwa nyundo. Lo! Mlio ulinishuka mpaka magotini.

Kondo hataki fedha. Anataka kioo changu cha upepo, akakiweke dirishani chumbani kwake. Nimempa. Upepo nitaumeza.

Jioni Angelina, mama anayeleta ndizi kutoka Matombo, amenipa kikaratasi cha Scholastika. Mistari miwili. Mjomba yupo nyumbani wiki nzima, ananisubiri. Nije kimya kimya, kama ninavyokuja siku zote. Maneno "kimya kimya" ameyapigia mstari.

Haya za kike hizo. Ana maana kishindo.

Jumamosi, 7 Agosti

Kazi imekamilika! Haikuwa rahisi.

Bomba la Landrova ni refu kuliko pikipiki. Kondo alilikata, likabaki refu. Ni pana mno, halikai na mabomba mawili membamba ya padre, akazibia kwa kopo la maziwa ya unga lililokunjwa, akafunga waya, akachomelea juu yake. Sanduku la upande wa kulia lilizuia njia, tukaling'oa. Kikanyagio cha breki nacho kilizuia. Hapo nikasema hapana, breki isiguswe. Kondo akasema haigusi, ila kuanzia leo nitafunga breki kwa kisigino.

Nyuma bomba limetokeza urefu wa mkono mzima, mdomo umeelekea juu. Nikauliza mvua je, haitaingia? Kondo akasema itaingia na itatoka.

Tukawasha. Mama yangu! Mabata wakaruka ukuta. Jirani yangu Hidaya, aliyekuwa akipita na mwiko mkononi, aliuliza vita vimeanza na nani. Mama mmoja ng'ambo ya barabara aliyekuwa akipima mahindi ya magendo kwa kopo aliketi juu ya gunia lake, akaanza kusuka ukili ambao hakuwa nao. Na mzee wa mashine ya kusaga, mwenye mvi kichwa kizima, alisimama wima akaniamkia mimi shikamoo! Mimi! Namzidi nini yule mzee?

Kondo alisikiliza ameinamisha kichwa. Akasema hii sasa ni Landrova tupu. Nilitaka kumbusu.

Jumapili, 8 Agosti

Tuliondoka baada ya misa ya kwanza. Mzee Dominiko nyuma, barua mfukoni mwa koti, kofia kichwani.

Tulipofika Kiroka aliinua sauti. Nilidhani anaimba wimbo wa njiani. Alikuwa anaungua. Bomba linapita kwenye shavu la mguu wa abiria. Suruali yake ya posa sasa ina tundu la duara, safi kabisa, kama hostia ya misa. Aliniambia maneno ambayo sikujua makatekista wanayajua.

Milimani mlio ulikuwa wa ajabu. Bonde moja linaupokea, linalipa bonde la pili. Nina hakika Matombo walinisikia nusu saa kabla sijafika. Nikavimba kichwa.

Tumefika, hakuna mtu. Milango imefungwa. Jiko moja limeachwa na uji unafurika. Nyumbani kwa Mzee Stefano kigoda kilikuwa bado cha moto, kiko cha tumbaku kinafuka, kibuyu cha togwa nusu. Mwenyewe hayupo. Ng'ambo ya bonde, kwenye shamba la ujamaa, kijiji kizima kilikuwa kinalima! Jumapili! Majembe yanapanda na kushuka, vumbi kila mahali. Nikamwambia Mzee Dominiko hawa ni watu wa kuigwa. Yeye akasema ana miaka sitini na minne na hajawahi kumwona Mluguru akilima Jumapili kwa hiari. Ana roho mbaya kwa sababu ya mguu.

Tulingoja mpaka saa kumi. Mzee Dominiko alikula maharage yaliyokuwa jikoni, sijui kwa ruhusa ya nani. Tumeshawasha tuondoke ndipo Scholastika alipotokea mbio kutoka shambani, anapunga mikono yote miwili, mdomo unafunguka na kufungika. Nikavuta mafuta zaidi ili asikie vizuri. Akaziba masikio. Nikampungia, nikaenda.

Sikusikia neno hata moja. Lakini nilimwona uso. Amesisimka.

Jumanne, 10 Agosti

Anselmi amekuja bohari na hati ya bati mbili na misumari. Nilimweka kwenye benchi tangu asubuhi. Muhuri ulipotea. Ulipatikana saa tisa na nusu, chini ya kiti nilichokalia.

Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniudhi. Alieleza kwa upole kwamba bati ni za choo bora cha mfano, amemchimbia Mzee Stefano nyuma ya nyumba. Shimo futi kumi na mbili, ukuta wa tofali, mlango wenye komeo la ndani. Kitakuwa choo pekee chenye paa la bati kijiji kizima.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Mtu anaposa kwa choo!

Akaendelea, bado kwa upole. Akasema Mzee Stefano ni mtu wa kumwendea taratibu. Enzi za mkoloni walipolazimishwa kuchimba matuta, alijifunza kukimbia, na mpaka leo akisikia gari la serikali linapanda mlima hukimbilia popote penye mlango. Nikamjibu kwamba hiyo hainihusu, mimi si gari la serikali. Akalitazama bomba langu kupitia dirishani. Halafu akaniambia goti la mshenga wake limepona.

Ananitisha. Choo!

Alhamisi, 12 Agosti

Siku kubwa, mpaka saa nane mchana.

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema nina mgonjwa. Si uongo, Mzee Dominiko anachechemea. Safari hii alijifunga gunia mguuni.

Matombo leo hawakuwa shambani! Walijipanga barabarani, safu mbili, ngoma, watoto wa shule wanaimba. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Yakobo, amevaa koti juu ya koti. Kabla sijazima injini alikwisha kuanza kusoma taarifa. Ekari za maharage. Ekari za ndizi. Idadi ya vyoo. Nilitaka kumkatiza. Hapana, hapa naandika ukweli: sikutaka hata kidogo. Nililetewa kiti. Nililetewa kuku jike, miguu imefungwa.

Nikaombwa neno. Nifanye nini? Nikasimama. Nikasema kazi ni kazi. Nikasema umoja. Nikaahidi daraja. Vigelegele! Scholastika alikuwa mwisho wa safu na wanafunzi wake, ananitazama bila kupepesa, mikono kiunoni. Fahari ile.

Kisha nikasema namtaka Mzee Stefano. Ndugu Yakobo akabadilika rangi. Akaapa kwamba Mzee Stefano yuko shamba la ujamaa tangu alfajiri, ndiye wa kwanza kufika, ndiye wa mwisho kutoka. Nikasema aitwe, nina barua yake. Kusikia barua, wapiga ngoma wakashusha ngoma. Mgambo sita wakapanda mlimani na fimbo kumleta. Walirudi baada ya saa mbili na kofia yake.

Hapo ndipo Ndugu Yakobo alipouliza, kwa heshima, nimetoka idara gani. Nikamwambia ukweli. Karani. Bohari.

Kuku alirudishwa. Na kiti.

Jumapili, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mzee Dominiko alijiuzulu ushenga jana. Alisema yuko tayari kwenda tena kwa sharti moja: pikipiki ibaki misheni kule chini ya mlima, sisi tupande kwa miguu. Kwa miguu! Kama bwana afya! Nikamnyang'anya barua. Nitajishenga mwenyewe.

Mpango ulikuwa mzuri sana. Nifike kunapambazuka, kwa mlio wote, nimkute mzee angali kitandani, hana nafasi ya kwenda popote. Nilivuta mafuta kuanzia mtoni. Mbele sina kioo, wadudu watatu niliwameza.

Nilifika mlangoni bila kuzima, nikachungulia. Blanketi sakafuni. Kitanda kitupu. Dirisha wazi.

Nikazunguka na pikipiki nyuma ya nyumba. Choo kile. Bati linang'aa, mlango umekomewa kwa ndani. Nje amesimama Mzee Tomasi, mshenga wa Anselmi, na goti lake, ameshika kofia kifuani. Anselmi mwenyewe ameegemea baiskeli mbali kidogo. Walikuwa wamepanda kwa miguu jana jioni, wakiisukuma baiskeli, wakalala kwa Angelina. Scholastika alikuwa mlangoni pa jiko. Aliponiona alifumba macho.

Waliyozungumza nimeambiwa baadaye na Angelina, maana wakati ule niliona midomo tu. Mzee Stefano alipaza sauti kutoka ndani kuuliza kama ile Landrova inaondoka sasa. Mzee Tomasi akamjibu bado, ila yeye ana barua ya posa, ataileta siku nyingine mzee akiwa na nafasi.  Kisha mzee akasema nafasi anayo. Ameketi. Paa ni lake. Mshenga ni huyo. Basi ipite.

Komeo likafunguka. Mkono ukatoka. Barua ikaingia.

Nilipiga kelele. Nilisema nimefika kabla! Nilisema hicho ni choo! Nilisema Scholastika, nilisema jina lake mara nyingi. Hakuna aliyenisikia. Sikuwa nimezima injini.

Jumanne, 17 Agosti

Barua kutoka kwa Scholastika, ameileta Angelina. Amenipa ndizi nne bure, na hapo nikajua ni mbaya.

Mwandiko wake ni ule ule wa ubaoni. Anasema posa ya Anselmi imekubaliwa, harusi ni Oktoba. Anselmi si mtu mbaya. Anasema kijiji kizima kilidhani mimi ni Landrova ya wilayani, kila mara, na kwamba Jumapili ile ya kwanza alikimbia kutoka shambani kuja kunieleza, nami nikazidi kunguruma. Anasema tangu Juni alimtajia mjomba wake jina langu. Alimwambia anamtaka yule kijana ambaye pikipiki yake ikija haimtishi mtu yeyote. Mjomba alicheka, akasema mtu wa namna hiyo ni nadra, aje. Alikaa kwenye kigoda akinisubiri, alikuwa na togwa ya vikombe viwili. Ningekuja kama siku zote ningemkuta.

Mwishoni ameandika kwamba mkono unamuuma, na hajui kwa nini, kwa sababu barua si ndefu.

Nimeisoma mara tatu. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nimelia mpaka Hidaya akaniletea chai kupitia dirishani, na hakuuliza vita ni vya nani.

Basi. Mtu lazima ajifunze. Nimekaa mchana kutwa nikiyapima makosa yangu bila kujionea huruma, na nimeliona. Kosa lilikuwa Landrova. Landrova inatisha watu. Nani aliniambia nichague Landrova? Kondo! Nimemwendea jioni, nimemkaripia, na amekubali. Bahati nzuri anayo nyingine, kubwa mara mbili. Hataki fedha, anataka kiti cha nyuma, akakalie nje ya karakana. Nimempa. Mshenga sina.

Na kutoka leo mpaka Oktoba ni mbali.

Hii mpya ni ekzosi ya basi. Nimefikiria sana jambo hili na sioni kasoro. Watu hawalikimbii basi. Hulikimbilia.