Safari Yangu ya Ulaya kwa Treni ya Chini ya Ardhi

Jumatatu, 20 Oktoba

Kuang karudi kutoka Ulaya! Mkwewe kamlipia. Sasa anavaa kofia bapa kama kifuniko cha sufuria, na leo kakaa pale kwenye meza za chai getini akipitisha simu mkono kwa mkono. Kina mama wote wa ua wetu wa nyumba za kiwanda cha themosi: aa, oo, jamani! Picha zenyewe takataka. Nusu ni kioo cha basi, nusu ni kidole gumba chake. Mimi nimefunga vifuniko vya themosi maisha yangu yote, shule niliiona mlangoni tu, lakini napiga picha hata nzi anageuka kunitazama.

Tatizo ni Bi Ruan. Bi Ruan ni mjane, ndiye kiongozi wa dansi ya uani, na Sikukuu ya Wazee ni Jumatano ya wiki ijayo. Bado hajatangaza mwanamume wa kucheza naye mstari wa mbele. Leo kaitazama ile simu ya Kuang, kapumua, kasema mtu aliyetembea huonekana hata anavyosimama.

Nikasikia mtu anasema anaondoka keshokutwa kwenda Ulaya, mwanawe aliyeko Wuhan kashalipa kila kitu. Nikageuka kumtazama huyo muongo. Kumbe mimi!

Kuang akauliza nchi gani. Nikasema zote.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeondoka na sanduku. Ua mzima umenisindikiza getini. Bi Ruan kanipa mayai aliyoyachemsha kwenye chai, eti chakula cha ndege hakina ladha. Nilitaka kulia. Kina mama wengine wamenipa maagizo: marashi ya Ufaransa, dawa ya kuchua mgongo, na mmoja anataka sufuria la Kijerumani. La chuma!

Nikapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa reli, kwa mdogo wangu Guifen. Kacheka mpaka kakaa chini. "Kaka, Ulaya yenyewe ndiyo sofa langu? Haya, karibu Ulaya. Huku vyombo unaosha mwenyewe."

Siri ya Guifen ni hii: nyuma ya nyumba yake ipo Bustani ya Dunia Yote. Mifano ya Paris, Misri, Roma, India, yote ndani ya ukuta mmoja. Wazee bure. Nimezunguka leo kuchagua pembe za kupigia picha. Picha sikutuma, si niko angani? Mimi si mjinga.

Jioni nafungua simu. Ile orodha ya grupu letu la uani inayoonyesha nani katembea sana leo: wa kwanza ni mimi! Kuang wa pili! Nikarukaruka, nikajipongeza mwenyewe pale kwenye grupu. Ndipo nikakumbuka niko kwenye ndege tangu asubuhi.

Kuang, mdomo kama wembe, akauliza mtu anatembeaje hivyo kwenye kiti. Nikaandika kwamba natembea ujia wa ndege, mbele nyuma, kwa ajili ya mishipa. Nikaongeza kwamba rubani mwenyewe katoka kunipigia makofi. Bi Ruan akaandika: "Mzee Pu, angalia magoti hayo." Kaamini! Kanionea huruma! Nimelala na tabasamu, mguu mmoja nje ya sofa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Paris. Kazi ngumu. Ule mnara wao wa hapa si mrefu kuliko jengo letu la uani, kwa hiyo inabidi ulale kifudifudi ndipo uonekane unagusa mawingu. Mlinzi kaja mbio kaniuliza nimezirai au vipi. Halafu kila nikilenga, kina mama wa hapa bustanini wanajipanga mbele na mitandio yao, wanairusha juu kama wanafukuza kunguru. Nikasubiri. Nikapata moja safi. Nikatuma.

Kuang akajibu kwamba alipokuwa Paris yeye hakuona piramidi nyuma ya mnara.

Nikatazama. Kweli lipo. Misri imechungulia.

Nikamwambia yeye alienda na kundi, mbio mbio, shuka piga picha panda. Piramidi wanaonyeshwa wanaolala huko. Ha! Kina mama watatu wa uani wamenitumia maua, na yule wa sufuria kanikumbusha sufuria.

Ijumaa, 24 Oktoba

Venisi. Nikapiga video kwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi kijana wa Zigong, mji wa jirani zetu, shati la mistari, masharubu ya gundi. Nilimwomba anyamaze tu. Kanyamaza vizuri kabisa mpaka niliposimama nipate pembe, akapiga kelele: "We mzee, kaa chini bwana! Ukizama huku mimi sina nguo za kubadilisha!"

Nikatuma bila kusikiliza. Kosa la kiufundi.

Kuang: mbona huyo Mtaliano anagomba kama watu wa Zigong? Nikasema kasoma huko, mtoto hodari. Bi Ruan kafurahi sana, eti lugha yetu imefika mbali. Kasema picha zangu zinamtia hamu ya kusafiri. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka Guifen akaninyang'anya simu nikakaushe vyombo.

Jumapili, 26 Oktoba

Siandiki leo.

Haya, naandika.

Nilikuwa chini ya mnara, kifudifudi kama kawaida. Naona viatu. Viatu vyekundu vya dansi, mstari mzima. Navifahamu! Kumbe picha zangu ziliwatia hamu kweli. Bi Ruan akasema Ulaya hatuiwezi, lakini si ipo ile bustani ya bure? Ua mzima wakapanda treni, wakaja na mitandio. Na Kuang nyuma, kabeba mikoba yote.

Nikatambaa. Jirani na mnara kuna banda la kukodi mavazi. Nikavaa cha kwanza nilichoshika: koti la jenerali wa Kifaransa, vifungo vya dhahabu, nywele za bandia kama kondoo, kofia yenye manyoya. Nikaganda ukutani. Sanamu!

Wakanipenda. Wakaja kupiga picha na mimi, mmoja mmoja. Yule wa sufuria kanifinya shavu, kasema huyu mzungu wao ana ngozi kama ya Mzee Pu. Nikavumilia. Bi Ruan kasimama karibu yangu, kanishika mkono. Ningeweza kuwa sanamu mpaka mwaka mpya.

Ndipo Kuang akachukua simu apige picha ya kundi zima. Jua liko mbele yake, warefu kawaweka mbele, wafupi nyuma, na kidole gumba, kidole gumba kile, kiko katikati ya kioo! Nikajiambia Pu, nyamaza. Wewe ni jiwe. Akahesabu moja, mbili...

Jamani, nani angeweza?

"Kidoooole! Toa kidole! Wafupi mbele! Mitandio juu! Semeni biringanyaaa!"

Wakasema biringanya wote, neno letu la kutabasamisha midomo kwenye picha, maana miaka yote ni mimi ninayewapiga picha, na sauti yangu wanaitii kabla ya kufikiri. Kuang akaja akanivua kofia taratibu, nywele zikatoka nayo.

Kacheka huyo! Kaegemea piramidi. "Mzee mwenzangu, Ulaya nzuri eh? Rubani hajambo?"

Kina mama wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa mitandio. Bi Ruan hakucheka. Kaniuliza kama nimewahi kufika hata Chongqing hapo jirani. Nikasema nimepita. Akasema, polepole, kwamba nafasi ya mbele alikuwa kaniwekea mimi. Tangu mwezi uliopita. Alikuwa anangoja tu nirudi nyumbani tukafanye mazoezi. Ngoma mpya imefundishwa wiki hii, sasa Kuang anaijua na mimi siijui, na sikukuu ni Jumatano hii.

Nikamwambia naweza kujifunza usiku mmoja. Akanitazama nilivyo, na lile koti.

"Vua kwanza, Mzee Pu. Utashikwa na joto."

Jumatano, 29 Oktoba

Sikukuu ya Wazee. Kuang kacheza mbele na Bi Ruan. Kacheza vizuri, mbwa yule. Mimi nimepewa kamera. Nimepiga picha nyingi nzuri, na kwa bahati mbaya Kuang katoka bila kichwa kwenye zote.

Alhamisi, 30 Oktoba

Leo Bi Ruan kaja mwenyewe mezani kwangu. Kakaa. Kasema mstari wa mbele wa dansi ya mwaka mpya bado haujapangwa. Mazoezi yanaanza Jumamosi, kila asubuhi, na nikija bila kukosa nafasi ni yangu. Alivyosema bila kukosa kanigonga mkono kwa kijiko. Nikaapa. Kuang mwenyewe karibu asonye.

Nikaona dunia imenyooka. Nimejifunza, nikasema. Pu, umejifunza.

Basi Kuang akanywa chai, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba binti yake anafikiria kumpeleka Ncha ya Kusini akaone wale ndege wanaotembea kama watu waliovaa suti. Bi Ruan akageuka kumtazama. Akasema: kweli?

Nimeshauliza. Kuna jumba la samaki ng'ambo ya mto, chumba kizima cha barafu, ndege wenyewe wapo. Kosa langu ni kwamba Ulaya ilikuwa karibu mno, kila mtu anafika. Guifen kaniazima koti lake la manyoya, la waridi, nitaligeuza ndani nje.

Naondoka Jumamosi asubuhi, nimeshawatangazia Ncha ya Kusini. Bi Ruan anachemsha mayai.