Marehemu Kaongeza Kifungo

Jumatatu, 3 Machi

Leo watu wamepewa funguo. Mimi sikupewa. Mimi!

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati hata mwenyewe napotea. Kimya, binti wa marehemu mdogo wangu, kaleta kile kiboksi cheusi hapa kwenye duka letu la ushonaji. Kakiweka chini ya meza ya pasi. Kinaitwa seva. Zamani kilikaa chini ya kitanda cha mama yake. Mama mtu alikuwa anachora nguo kwenye laptopu huku anaumwa, michoro inaingia humo. Sasa Kimya anataka mafundi wa hapa na wa kule tawini wote wachukue michoro humohumo. Vizuri! Kutumiana kwa simu kulishatuaibisha. Bwana harusi mmoja alipata koti lenye mikono miwili ya kushoto. Nikamwambia ndiyo fasheni. Hakuamini.

Tena kiboksi hakisahau. Ukibadilisha mchoro, ule wa zamani unabaki palepale. Unaandika maneno mawili matatu kwa nini umebadilisha, na jina lako linakaa pembeni. Mdogo wangu aliandika humo miezi yote ya kuumwa. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemnyang'anya sauti. Mimi nakaa kitandani kwake naongea, yeye anaandika. Aliandika nini? Ndicho ninachotaka kujua. Jioni nilikuwa nampa habari zote za siku. Sasa nakupa wewe, daftari, na wewe hata hucheki.

Mkataji kapewa ufunguo. Mkataji, asiyejua hata kusalimia watu! Nikamuuliza Kimya wangu uko wapi. Akasema, mama mkubwa, wewe unashona vifungo tu, ufunguo wa nini? Akaangalia pembeni. Mtoto huyu akidanganya huangalia pembeni, kama mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: chai. Nimemwandalia mkataji chai, maziwa tele, nikamkalia karibu nione kioo cha kompyuta yake. Akakiziba kwa kiganja! Akaniambia kila mtu ana funguo mbili. Mmoja wa wazi, unawekwa kule kwenye seva, hata adui akiuona si kitu. Mwingine wa siri, unabaki kwenye mashine yako, humpi hata mama mzazi. Nikamwambia mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo hilo halinihusu. Akamaliza chai yangu, akaendelea kukata.

Nimeliwaza sana jambo hili. Ule wa wazi haufungui. Wa siri ndio unaofungua. Sasa unampaje mtu usiofungua? Huo si usalama, huo ni uchoyo.

Halafu, napanda ngazi za nyumbani, nikasimama ghafla. Laptopu ya mdogo wangu iko kwangu! Kabatini, nimeifunga kwenye shuka lake. Kimya aliniomba niitunze, maana akiitazama tu machozi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia!

Nilibeba laptopu kwenye kapu, juu nikaweka vifungo. Wenzangu walipotoka kula, nikajifungia stoo. Neno la kuiwasha nalijua, ni jina nililomwita akiwa mchanga. Nikabonyeza pale alipokuwa anabonyeza yeye. Seva ikafunguka yenyewe. Ufunguo wake wa siri umo humo, na kumbe Kimya hajaufuta.

Nikaanza kusoma, kutoka mwanzo kabisa.

"Nimeongeza kiuno. Mteja anasema kapungua. Sijabishana."

"Kola nimeiinua. Leo nimeweza kukaa."

"Mfuko nimeuhamishia kulia. Dada anaongea tangu asubuhi. Bado sijachoka."

Nikalia. Nikacheka. Nikalia tena, juu ya kitambaa cheupe cha mteja. Alama imebaki. Nitasema paa linavuja.

Sikufika mwisho, wenzangu walikuwa wanarudi. Ila kwanza nikaona gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Mgongoni vifungo tisa. Mtu yeyote mwenye macho anaona linataka cha kumi! Nikaongeza. Kiboksi kikauliza kwa nini. Nikaandika: "Baridi itampata."

Furaha kama ile huwezi kukaa nayo peke yako, utapasuka. Nikaenda saluni, ukuta mmoja na sisi. Msusi alimpenda sana mdogo wangu, alimsuka mpaka nywele zilipokwisha. Mumewe anatengeneza kompyuta. Akaunakili ule ufunguo wa siri, mara moja tu, akarudisha laptopu. Sikuugawa. Nimempa mtu mmoja. Na mumewe, lakini hao ni kitu kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Asubuhi mkataji kafungua seva akate lile gauni. Anakuta jina la mdogo wangu: jana mchana, kaongeza kifungo. Akafikicha macho. Anakuta tena jina lilelile, leo asubuhi: "Pumzika kwa amani kipenzi, kazi yako nzuri." Msusi huyo! Hakujua kwamba ukiingia kwa ufunguo wa mtu unaandika kwa jina la mtu. Kwa hiyo marehemu kajitakia mwenyewe mapumziko mema.

Mkataji alitoka mbio na mkasi mkononi, futi ya kupimia shingoni inapepea. Tukamkuta katikati ya barabara, magari yanampigia honi. Anasema anaacha kazi. Anasema yeye aliajiriwa na walio hai, hao wengine yeye hawajui. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Nikarudi ndani nimwelezee Kimya. Kumbe kashaona. Kasimama mbele ya kompyuta, kidole kimegusa jina la mama yake na tarehe ya jana. Hakunigeukia. Akasema, "Nilijua si yeye, mama mkubwa. Lakini nilikaa kidogo bila kutaka kujua."

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya hajanigombeza. Angenigombeza ningepata la kujibu.

Ufunguo wa mama yake lazima uondolewe kwenye seva. Umeshatoka nje, haujulikani uko kwa nani. (Unajulikana. Mume wa msusi alimpa na shemeji yake ajionee. Sijamwambia.) Kimya alikuwa ameuacha makusudi. Anasema kule kwenye seva mama yake bado alikuwa na mlango wake, akitaka anaingia.

Akaniomba nikae naye. Akaweka kidole, akakitoa. Akaweka, akakitoa. Mimi nikaongea. Nikaongea mvua, nikaongea mkataji na magari, nikaongea kiatu changu kinachobana. Nikinyamaza mimi, watu wanajua mambo yameharibika kweli. Nilipofika kwenye kiatu akabonyeza.

Haikulia wala kutoa sauti. Jina likatoka kwenye orodha ya funguo.

Akasema maandishi yake yote yapo, kiboksi hakisahau. Ila yeye haingii tena. Nikauliza kwa hiyo ndiyo basi? Akasema ndiyo basi. Nikarudi kwenye kiatu, sikukumbuka nilifika wapi.

Ndipo akanifungulia mchoro wa mwisho kabisa. Gauni la kijivu, vipimo vyangu. Vyangu mimi! Pembeni kaandika:

"La dada. Kifua nimekilegeza, akiongea anapumua kwa nguvu. Kimya, ufunguo usimpe. Atagawa. Msomee tu."

Kimya anasema alitaka kunisomea tangu msiba, kila akijaribu sauti inagoma. Tukakaa wawili, na mimi nikawa sina la kusema. Mkataji akachungulia mlangoni, kanywea, kauliza kama mama mkubwa anaumwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mkataji alirudi kazini jana ileile, tukashona usiku kucha. Bibi harusi kaondoka na vifungo kumi na hakuhisi baridi, nimemuuliza mwenyewe. Mkataji kakata na lile la kijivu. Bila kuombwa! Nimelijaribu. Kifua kinatosha hata nikipiga kelele.

Na Kimya kanipa ufunguo. Wa jina langu, kwenye simu yangu, wa kusoma tu, nisije nikaongeza vifungo. Anasema hana sauti ya kusoma yote, bora nisome mwenyewe. Kaniapisha mara mbili kwamba ule wa siri hautoki kwangu. Nimeapa kwa jina la mdogo wangu. Safari hii nimeelewa kabisa.

Jioni nikapita saluni kuonyesha gauni. Msusi akaniuliza taratibu, kuna jipya lolote kutoka kwa marehemu? Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, hata moja dogo? Nikamwambia hakuna mpenzi, wala halitakuwepo. Akaacha kitana kwenye kichwa cha mteja akaanza kulia, maskini, kama vile habari kaipata leo.

Sikuweza kumwacha vile. Nimemtumia ufunguo, aangalie mwenyewe kwamba hakuna.