Kata Isiyo na Mgonjwa

Jumatatu, 6 Juni 1994
Daktari Beatrice kafika ofisini kutoka Dar. Anatafuta kata tatu za kuwakilisha wilaya nzima katika utafiti wa huduma kwa wagonjwa wa akili. Kata itakayochaguliwa itapata muuguzi na dawa kila mwezi, miaka miwili. Kaka yangu Ackson amefungwa kamba jikoni kwa mama, kata yetu ya Lupepo, tangu Pasaka. Dawa yake hospitalini haipo. Maduka binafsi yanayo, kwa bei ya kutazama tu. Lazima Lupepo iingie! Mimi ndiye karani wa takwimu. Nani atanizuia? Nimeandika wagonjwa 214.

Jumanne, 7 Juni
Lupepo imekatwa. Daktari kasema kata ya namna hiyo haiwakilishi chochote. Obed, karani mwenzangu, wa Nkunga, aliandika tisa kwa kata yao. Imepita. Akaniuliza mbele ya ofisi nzima kwetu nani kabaki na akili ya kupalilia chai. Wakacheka mpaka mlinzi.

Jumatano, 8 Juni
Nimembembeleza Daktari. Kesho atakwenda Lupepo mwenyewe. Nikawahi kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Nsajigwa, nikamwambia wageni wa wizara wanakuja, watu wajiandae vizuri. Kasema nisiwe na wasiwasi, wamezoea. Nimerudi nimetulia.

Alhamisi, 9 Juni
Walijiandaa! Njia zimefagiwa, kwaya imepangwa, ndizi na maziwa mtindi mezani. Wagonjwa hakuna hata mmoja. Ndivyo kijiji kinavyopokea wageni wa serikali: kwanza huondolewa takataka, halafu wenye kichaa. Ackson kafungiwa stoo ya kahawa ya mjomba, ng'ambo ya mto. Mama alidhani ni agizo langu.

Mzee Nsajigwa akatangaza kwa fahari kwamba kwake wote ni wazima. Daktari akanigeukia: je, nyumbani kwetu yupo mgonjwa? Mzee akaninong'oneza, "Gwe Hezron, usitutie aibu." Nilikuwa nimevaa tai. Nikasema hayupo. Obed, aliyefuatana nasi, akaandika sifuri.

Ijumaa, 10 Juni
Mama katembea hadi ofisini. Hakukubali kuketi. Kasema Ackson alipiga mlango wa stoo mpaka mikono ikatoka damu, akiniita mimi. Akauliza kama nimeajiriwa kuhesabu watu au kuwafuta. Akaondoka bila kuaga.

Daktari alisikia. Akaniita, akafunga mlango. Nafasi ya tatu bado iko wazi, kasema. Linatosha jina moja la mgonjwa ambaye familia yake inakubali kumwonyesha, kabla ya Jumatatu, na Lupepo inarudi. Jina moja! Akanisogezea kalamu. Nikamshukuru, nikatoka.

Jumamosi, 11 Juni
Ofisini peke yangu tangu asubuhi. Ukungu mpaka dirishani. Nimefikiri sana. Jina moja ni dogo mno, haliwezi kubeba kata. 214 zilizidi, sifuri ilipungua. Nimeipata hesabu: kumi na wawili! Majina nimetunga mwenyewe, na umri wao, na vitongoji vyao. La Ackson sikuliweka. Watu wangejua ni wa kwetu.