Milioni Sitini za Mabeseni

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Si hizi za mwilini (hizo ningejifunika khanga yakaisha). Nimevuliwa pale stationari kwa Msuya, hapa Ukonga, mbele ya watu saba. Naandika kwa hasira, kwa hiyo mkiona nimekosea mvumilie. Na shule yenyewe niliishia la tano.

Wahusika nawataja. Nimechoka kuficha watu.

Wa kwanza ni Shabani, baba yake Zuhura, aliyekuwaga mume wangu. Tulipoanza biashara ya mabeseni na ndoo za plastiki, yeye ndiye aliyenipeleka kuchukua namba ya mlipakodi. Walipotaka namba ya simu, akatoa ya kwake. "Wewe simu ya nini, mie si nipo?" (Nikaona ndiyo mapenzi hayo. Mjinga mwenzangu anyooshe mkono.) Sasa hayupo. Yuko Goba, kajenga kilimani, na Mwanahawa. Mwanahawa ndiye mhusika wa pili. Huyu alikuwaga mteja wangu. Anakuja kuchagua beseni, anazigeuza zote, hanunui. Kumbe anachagua mwenye beseni.

Sasa ishu ya leo. Vizimba vya sokoni kwetu vinagawiwa upya. Usipopeleka karatasi ya kuonyesha umekadiriwa kodi ya mwaka na umeanza kulipa, kizimba anapewa mwingine. Mwisho leo, saa kumi jioni. Kizimba changu kipo mlangoni kabisa, kila mtu anakimezea mate. Nikaambiwa foleni za kodi zimekwisha, siku hizi unajaza mwenyewe mtandaoni, tena bure. Bure! Nikatoka nyumbani natabasamu kama nimechumbiwa.

Nikafika kwa Msuya.

"Shilingi ngapi kunijazia?"

"Elfu kumi."

"Si nimesikia ni bure?"

"Bure ni kwa mwenye kompyuta, mama Zuhura. Wewe unayo?"

Nikatoa elfu kumi. Msuya mhusika wa tatu, mwandikeni.

Akabonyezabonyeza, akasema, "Ujumbe umeshaingia kwenye simu yako. Nisomee tarakimu sita." Nikaangalia simu. Hamna kitu. Nikaizima, nikaiwasha. Hamna kitu.

"Mbona hapa inasema imetuma? Namba inaishia na nane nane."

Nane nane ni ya Shabani.

"Ibadilishe basi!"

"Kubadili namba kuna mlolongo wake, leo huwahi. Mpigie aliye nayo."

Mpigie! Anasema kama vile ananiambia nimpigie fundi bomba. Lakini ilikuwa saa nane na kizimba ni kizimba. Nikapiga. Na mjue simu yangu iliingia maji masika iliyopita, sikioni haisikiki, mpaka uweke spika. Kwa hiyo stationari nzima tukawa tunapiga wote.

Akapokea Mwanahawa.

"Haloo, bi mkubwa! Za kupotea?"

"Nipe Shabani."

"Anaoga. Sema na mie, kwani sie si mwili mmoja?"

Kuna mwalimu alikuwa anatoa kopi za mitihani. Akaacha kuhesabu karatasi. Nikaeleza shida yangu kwa adabu zote.

"Aah, nimeuona ujumbe wako. Sasa bi mkubwa, macho yangu bila soda hayasomi."

"Soda ya shilingi ngapi?"

"Elfu tano."

Elfu tano kusoma tarakimu sita! Mganga anasoma nyota yako yote kwa hiyo hela! Nikamrushia. Simu ikanishukuru, yeye hata asante hakusema. Akasoma, Msuya akaandika, mfumo ukafunguka. Ningekata simu pale, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Nilikuwa tayari nimenyoosha kidole. Ndipo Mwanahawa akasema:

"Hivi kumbe na wauza mabeseni wanatozwaga kodi? Kodi ya nini, ya kulia?"

Watu wakacheka. Mwalimu alijidai anakohoa, lakini nilimuona. Hapo hapo Msuya naye, kama aliyetumwa na maadui, akauliza kwa sauti ya adhana:

"Mauzo yako kwa mwaka ni kiasi gani?"

Wenzangu shetani huwajia na pombe au na wanaume. Mie alinijia na hesabu.

"Andika milioni sitini!"

"Sitini?"

"Sitini! Na hapo sijahesabu sikukuu."

Nisiwafiche, nilijisikia vizuri. Nikavuta khanga begani kama mke wa mkuu wa wilaya. (Tangu nizaliwe, kwa mwaka sijawahi kufikisha milioni saba.)

Msuya akaandika. Akabonyeza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Zuhura, kodi yako ni milioni mbili na laki moja."

"Ya nani?"

"Yako."

"Ya miaka mingapi?"

"Huu mmoja."

Jamani. Kizimba, mabeseni, ndoo, na mie mwenyewe nimekaa juu yake, mkitupiga mnada wote hatufiki milioni mbili. Nikakaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea, nikazama nalo. Niko huko chini, simu ikaanza kufoka. Sauti ya Shabani! Aliyekuwa anaoga!

"Mauzo milioni sitini? Na juzi umenililia ada ya Zuhura? Basi lipa mwenyewe, tajiri!"

Nikakata simu kwa kiganja kizima.

"Futa, Msuya! Futa hiyo!"

"Tulia, sijaituma bado. Narekebisha." Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, kioo kikawa cheupe. "Ah. Tumekaa sana, mfumo umetutoa. Inabidi tuingie upya."

"Si uingie!"

"Imetuma tarakimu nyingine."

"Wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia jeneza linapita.

Saa tisa na robo. Nikapiga tena.

"Karibu, mama milioni!" Mwanahawa huyo. "Safari hii sitaki soda. Andika: tatu, saba, moja, nne..."

"Endelea."

"Mbili za mwisho nazisoma nikisikia unamtajia huyo baba mauzo ya kweli."

Msuya akanong'ona kwamba tarakimu zinakufa baada ya dakika chache. Nikainama sikioni kwake, nikamwambia taratibu.

"Sijasikia!" ikasema simu.

"Sema tu mama, na sie tuna haraka," akasema mwalimu. Mwalimu! Mtu ambaye nimemuuzia ndoo kwa mkopo!

Nikafumba macho.

"Milioni sita!"

"Kwa mwezi?" akauliza Mwanahawa.

"Kwa mwaka! Milioni sita kwa mwaka! Na mzigo wenyewe nachukua kwa mali kauli, nalipa nikishauza! Umefurahi?"

Pale ndani palilipuka. Bodaboda aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alishika ukuta. Mwanahawa alisoma mbili za mwisho huku anakwama kwa kicheko. Na kwa nyuma nikamsikia Shabani, taratibu kabisa, anasema, "Ada nitatuma. Mpe pole."

Pole! Angenitukana ningelala salama. Mwanamume aliyeniacha na kitanda kimoja na Zuhura mgongoni, leo ananipa pole kupitia kwa yule aliyekuwa anazigeuza beseni zangu! Nikakata simu.

Kodi ikatoka laki moja, unalipa kidogokidogo kwa awamu nne. Nikalipa awamu ya kwanza. Msuya akaniongezea mia tano ya kuprinti, bila haya. Nikakimbia na karatasi mpaka ofisi ya soko, nikafika zimebaki dakika sita, ndala moja mkononi. Wakagonga muhuri. Kizimba ni changu.

Nikarudi kwa Msuya hapo hapo, jasho halijakauka. Nikamwambia naomba aanze leo huo mlolongo, aiondoe namba ya Shabani aweke yangu, mwakani nisipitie tena moto huu. Nikamuuliza ni shilingi ngapi.

"Hiyo wala sikutozi, mama Zuhura. Ila ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwanza kwenye namba ya zamani."

Naombeni asicheke mtu. Wa Goba wanatosha.