Babu wa Kuazima Katika Jumba la Kale

Jumanne, 4 Machi
Kosa la wengi wanaozuru jumba la kale ni kukodolea macho vitanda na viti. Tazama vizingiti. Kizingiti kilicholika hukuonyesha mlango uliopendwa. Nilimweleza hayo binti anayeongoza wageni. Akasema, shikamoo Mzee, ila kueleza ni kazi yake. Tena ghorofani hapandi mtu peke yake. Ngazi ni kuukuu, wageni hupanda kwa makundi. Nikarudi nyumbani. Nikakagua kizingiti changu. Tangu mama watoto atangulie, kinalika kwa miguu yangu tu.

Jumatano, 5 Machi
Hila: kujiunga na familia. Mvi zatosha; nani atamuuliza babu ni babu wa nani? Nikasimama nyuma ya mume, mke na binti yao mdogo, nikakohoa kifamilia. Wao wakadhani mimi ni wa jumba. Mwongozaji akadhani mimi ni wao. Tukapanda. Chumba cha kulia: meza ndefu, sahani moja. Mwongozaji akasema mwenye jumba alipenda utulivu. Nikasahihisha: hakuna apendaye kula peke yake, mtu huzoea tu. Yule mtoto akanishika mkono. Vidole vinanata peremende. Nikasahau nilichokuwa naeleza. Haijapata kunitokea.

Alhamisi, 6 Machi
Familia nyingine. Nilikuwa katikati ya somo la madirisha pale mwongozaji alipowauliza watoto kama mimi ni babu mzaa baba au mzaa mama. Mkubwa akajibu kuwa hawanijui, ila sinyamazi. Nikateremshwa.

Chini, bawabu, mzee wa rika langu, akasogea kwenye benchi, akamimina chai vikombe viwili. Karibu mwenzangu, akasema, tangu asubuhi hajapata wa kupiga naye soga. Nikamweleza kwa nini chai ya kikombe kipana hupoa upesi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza na ya bakuli je. Akaniomba nije tena kesho, ataleta karata. Nikamshukuru, nikamwambia sitakuwa na nafasi. Natafuta watu wa kukaa nao.

Ijumaa, 7 Machi
Usingizi haukuja. Nimelipekua kosa langu pande zote, hatimaye nimelikamata: koti. La jana lilikunjamana, halikufanana na koti la mzee mwenye wajukuu. Bawabu nitamkwepa kwa lango la nyuma, asije akanichelewesha. La kufanya leo ni moja: piga pasi koti la kahawia.