Mfuko Juu!

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, ndugu Makamu wake ambaye naona amekalia kiti cha Mwenyekiti, wazee wetu wenye hekima na wazee wetu wa kawaida, akina mama, akina baba, wauguzi kama mpo, wagonjwa mliokuja kwa miguu yenu na mliokuja kwa mabega ya wengine, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba izingatiwe. (Makofi.)

Mimi, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Huduma za Majumbani, nimesimama hapa kuzindua rasmi, kwa mara ya tatu, Mpango Mkakati Jumuishi wa Mpira na Mfuko Majumbani! (Vigelegele.) Kutokana na upembuzi yakinifu uliofanyika katika ukumbi wenye kiyoyozi, na kwa kuzingatia mchakato shirikishi wenye tija, tumebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wenye mpira nyumbani hawana uwanja wa kuuchezea. (Minong'ono.)

Mnanong'ona nini? Ndiyo, mama, wewe wa mbele.

(Bibi mmoja anasimama: “Mwanangu, mpira wa mume wangu si wa kuchezea. Ni ule wa mkojo. Umeziba tangu asubuhi, mfuko mtupu, tumbo limemjaa. Tuliambiwa leo unatuletea muuguzi wa kutuhudumia nyumbani. Mwenyewe yule pale, anajikunja kitini.”)

Asante sana, mama, kwa mchango wako. Mfuko mtupu ndiyo changamoto ya idara zote. Na huo mpira wa mkojo tumeuweka katika awamu ya pili, chini ya Michezo Mingineyo. (Kicheko.)

Sasa nije kwenye Mfuko wenyewe. Nilipoingia ofisini niliukuta umelala chini, umesahaulika, nikasema, haiwezekani! Mfuko huu tutautunisha, tutautunisha mpaka ufurike! (“Toba!”)

Nani kasema toba?

(Mama fundi cherehani, ambaye tangu afanyiwe upasuaji choo chake hutokea kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, ameushika kwa mikono miwili: “Ni mimi, mheshimiwa. Wangu ukifurika nitakimbilia wapi? Naomba mtu aje anifundishe kukata tundu lake la kubandikia tumboni sawasawa, ngozi isichubuke. Nguo za watu napatia, hili limenishinda.”)

Tundu? Ondoa shaka, dada yangu. Mfuko ninaousimamia mimi hauna tundu. (Kicheko kirefu. Fundi naye anacheka, huku ameshika tumbo.)

Naona mmechangamka, basi tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema Mfuko, mseme Juu! Mfuko!

(“Chini!”)

Juu, ndugu zangu! Mfuko!

(Bibi: “Chini, baba! Mfuko wa mkojo hukaa chini ya kiuno. Ukiuinua, uchafu unamrudia mgonjwa!”)

Maoni yamepokelewa. Mwisho kabisa, nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta. Namshukuru muuguzi wetu, atakayeajiriwa nafasi yake ikishaundwa. Naishukuru ofisi yake, ambayo kwa sasa bado ni shamba la mihogo la mtu. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kuja kuzindua kitu ambacho, kwa lugha nyepesi, hakipo. Kilichopo ni gari tu, lile pale lenye stika.

(Bibi: “Basi gari linatosha. Hospitali si mbali. Njoo, mwanangu, mnyanyue baba yako.”)

Nani, mimi? Na suti hii? (Mzee anaguna.)

Dereva, washa gari. Taratibu, mzee wangu, nishike begani. Hapana, hapana, kaa mbele, hicho ndicho kiti changu. Na wewe fundi, mbona umesimama? Panda, huko huko atapatikana wa kukufundisha hilo tundu. Haya, na huu mfuko wa mzee... samahani, mama, huu naushika wapi?

(Umati wote, kwa sauti moja: “Chini!”)