Hatua Elfu Ishirini za Mheshimiwa Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Uratibu wa Viti vya Umma imeutokomeza uvivu. Ulitokomezwa Ijumaa, saa tano kasorobo asubuhi, na mimi nilikuwepo, maana ndimi niliyebonyeza kitufe.

Idara yetu ni nyeti. Kila kiti katika ofisi ya umma kina namba, kila namba ina faili, na faili zote ziko kwetu. Anayekalia kiti kisicho na faili anahesabiwa kuwa amesimama. Tuna vyumba kumi na vinne, watumishi arobaini na wawili, na mimi. Mimi ni mhudumu wa chai na usafi. Kwenye orodha ya watumishi simo. Nimo kwenye orodha ya huduma, kati ya maji na umeme.

Ila watu hunijua kwa lingine. Wananiita Mama Mtandao. Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa, lakini kifaa kipya kikitoka silali. Nina simu janja yenye kamera tatu, na kwa kamera zote tatu nimepiga picha elfu moja na mia mbili za kidole changu. Simu inalalamika nafasi imejaa. Sifuti hata kidole kimoja, huwezi kujua kipi kitahitajika. Neno langu la siri nimeliandika ukutani jikoni kwa kalamu nene, nisilisahau, na hakuna mwizi atakayelifaidi kwa sababu hata mimi sikumbuki ni la nini. Msimamo wangu ni huu: kifaa kisichokusumbua hakijaanza kazi.

Sasa, mjukuu wangu alininunulia saa janja, ile inayohesabu hatua. Siku moja napeleka chai kwa Mkurugenzi, ambaye kila nikimwuliza chai ikoje hainui macho kwenye simu, lakini saa akaiona.

"Mama Mtandao, hiyo nayo inafanya nini?"

"Inahesabu hatua, Mheshimiwa. Jana nilitembea elfu ishirini."

"Elfu ishirini? Ulikwenda wapi?"

"Hapa hapa. Jikoni na kwenye vyumba vyenu."

Akatazama dari, na Mkurugenzi akitazama dari sisi hujua taifa linakaribia kupata waraka. Nami badala ya kuchukua sinia langu niondoke, nikajitia kimbelembele. Nikamwambia kifaa hakina shangazi wala mjomba, hakimpendelei mtu. Nikamwambia mtu mvivu hawezi kujificha mbele ya saa. Maneno hayo niliyasoma kwenye boksi lake.

Waraka ukatoka baada ya siku tatu. Kuanzia mwezi huo, bidii ya mtumishi itapimwa kwa hatua. Kila mtumishi atavaa saa ya idara. Mwisho wa mwezi Mtambo wa Mwenendo utasoma saa zote na kuandika barua wenyewe, bila mkono wa binadamu, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Atakayeupinga atahesabiwa mvivu sugu. Na kwa kuwa Mheshimiwa huchoka mkono akisaini, alisaini karatasi arobaini na mbili tupu siku hiyo hiyo, akazigonga mhuri, akazipanga kwenye printa zisubiri maneno. Ndivyo anavyosaini kila kitu. Anasema maneno hubadilika, saini haibadiliki.

Nami nikapewa cheo cha Mshauri Mwambata wa Vifaa Janja, pamoja na aproni mpya.

Matunda yalionekana mapema. Kazi zilisimama, watu wakatembea. Mhasibu alikuwa akipeleka karatasi moja moja. Katibu muhtasi alijibu simu akizunguka meza mpaka waya ukamfunga kiunoni. Afisa ugavi alifunga saa yake kwenye feni, akaenda chakula cha mchana. Aliporudi, saa ilikuwa imekwisha kutoa taarifa kwamba ameanguka mara mia nne na inamtafutia daktari. Wananchi waliokuja kuulizia viti vyao waliambiwa wamfuate mhusika kwa nyuma, waulize huku wanatembea.

Aliyebaki ameketi ni mmoja tu, karani wa masijala. Huyo ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu. Goti lake la kulia lilikufa zamani, lakini kichwa chake kina faili zote za idara. Ukimtajia namba ya kiti anakuambia rafu, mstari, na aliyekivunja mguu. Watu ndio humwendea, yeye haendi kokote. Wiki ya kwanza saa yake ilisoma hatua mia mbili na kumi, ikapiga kelele nyekundu. Wiki ya pili akapewa onyo: akifikisha mwisho wa mwezi hivyo hivyo, kazi hana, na nyumba ya idara anaihama ndani ya wiki mbili.

Nilimpelekea chai, nimeinamisha macho.

"Karibu, mshauri," akasema. "Umekuja kunihesabu?"

"Shemeji, usinianze."

"Mimi nianze nini, mwenye goti moja? Nashukuru tu. Watu hufukuzwa na maadui, mimi nimefukuzwa na ukoo."

"Nipe hiyo saa niivae mimi. Siku mbili tu utakuwa umeipita idara nzima."

"Sikupi. Miaka thelathini na mmoja nimekaa kihalali, sitaanza kutembea kwa wizi nikiwa nimebakiza saba nistaafu." Akapuliza chai. "Lakini usijali. Dada yako mdogo na mimi tumeshakubaliana. Tukitolewa tunahamia kwako. Ninakuja na redio zangu zote sita."

Chumba changu ni kimoja, na nusu yake ni chaja. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuutilia shaka ushauri wangu, nikaona kweli teknolojia ina athari kwa jamii.

Nilikwenda kwa Mkurugenzi kumwombea. Kabla sijafungua mdomo, akafunga mlango.

"Mama Mtandao, wewe ni mtu wangu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Majukumu yangu ni ya kitaifa. Yanafanywa kwa kukaa. Mtambo hauwezi kuelewa hilo, ni mgeni." Akavua saa yake. "Utanitembelea."

"Nikutembelee nyumbani?"

"Unitembelee hatua. Ivae wewe, ufanye kazi zako kama kawaida. Jioni unanirudishia."

"Na karani wa masijala? Naye kazi zake ni za kukaa."

"Yule ni mvivu," akasema, akajinyoosha kwenye kiti chake kinachozunguka. "Sheria ni msumeno, Mama."

Nikaivaa. Sikufichi, nilijiona. Mkono wa kushoto saa yangu, mkono wa kulia saa ya serikali. Nilipiga deki kwa madaraka. Nilipoinama kutoa vikombe chini ya meza, nilijua ni Mkurugenzi anainama. Kila Jumatatu jina lake lilibandikwa la kwanza ubaoni, na wenzake wa idara nyingine walimpigia simu kumpongeza kwa afya.

Ijumaa ya mwisho tukakusanywa ukumbini. Mtambo ukawashwa, ukaguna, ukaleta vitufe viwili. Mkurugenzi akaniita mbele ya watu wote.

"Mshauri abonyeze, tuonyeshe kwamba hata mama wa chai anaelewa teknolojia."

Nilikuwa nimesahau miwani jikoni. Kitufe kimoja kilikuwa chekundu, kidogo, kimeandikwa ADHIBU. Kingine kilikuwa cha kijani, kikubwa, kimeandikwa PANGA UPYA KAZI KULINGANA NA MWENENDO. Ni kweli maandishi yale marefu niliyasoma vizuri kuliko yale mafupi. Macho ya uzeeni hayatabiriki. Nikabonyeza kijani.

Printa ikaanza kutema. Katibu muhtasi akasoma. Afisa ugavi alipelekwa hospitali kwa uchunguzi wa kuanguka. Mhasibu akawa tarishi. Kisha ikafika zamu ya shemeji. Alikuwa ameketi nyuma, ameshika goti.

"Mtumishi huyu," akasoma katibu, "hukaa saa saba na nusu kwa siku bila kuyumba. Huinuka mara mbili. Mapigo ya moyo wake ni ya mtu asiye na haraka na jambo lolote. Nafasi inayomfaa..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Mkurugenzi."

Hakuna aliyecheka. Idarani kwetu hatucheki kabla ya kujua aliyepanda ni nani.

"Na ya mwisho. Mtumishi huyu hutembea hatua elfu ishirini kwa siku, kati ya jikoni na vyumba kumi na vinne. Huinama chini ya meza mara themanini. Mikono yake huzungushwa kama ya mtu anayepiga deki. Nafasi inayomfaa: mhudumu wa chai na usafi." Katibu akaigeuza karatasi, akairudisha. "Imesainiwa na wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Na mhuri upo."

Mkurugenzi akafungua mdomo. Aseme nini? Akisema si yeye aliyetembea, ameudanganya Mtambo mwezi mzima. Akipinga, waraka wake unamwita mvivu sugu. Akanitazama mkono wa kulia. Nami, kama mshauri, nikauingiza kwenye aproni.

"Pole, kaka," shemeji akamwambia, naye anainuka taratibu kwa mara ya pili siku hiyo. "Goti likiuma, sema."

Nami je? Sikupata barua. Printa haiandikii maji wala umeme. Nilipokwenda jikoni Jumatatu nilikuta nafasi yangu imejazwa na mtu mwenye sifa zangu zote, amesimama mbele ya birika, anatafuta pa kuliwashia. Hivyo huo ndio ushauri wangu wa kwanza na wa mwisho serikalini: nilijishauri hadi nikakosa kazi. Lakini shemeji na mdogo wangu wamebaki kwenye nyumba yao, na redio zao.

Siku hizi napita idarani kama mwananchi. Kuna benchi pale ukumbini, nakaa na simu yangu. Juzi Mheshimiwa wa zamani alinijia na sinia, vikombe vinagongana, jasho limemfika kwenye kola. Akaniwekea chai. Akabaki amesimama.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "ikoje?"

Miaka kumi na minane nilimpelekea chai mtu huyu, na swali hilo nami nilimwuliza kila asubuhi. Nikaonja. Sukari alikuwa amesahau, na maji hayakuchemka. Nikamjibu vile vile alivyokuwa akinijibu yeye. Sikuinua macho kwenye simu.